Chupa ya Mkojo, Tone la Damu: Historia Fupi ya Kujipima Nyumbani

Mgeni akifika Maskati hupelekwa Qurum kuona bahari, bustani na maduka. Ni wachache wanaoambiwa kwamba jina lenyewe ni la mti. Qurm kwa Kiarabu ni mikoko, na msitu wa mikoko uliobaki pale wadi inapokutana na bahari umehifadhiwa na serikali tangu mwaka 1975. Sisi tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki mti huu hatukuhitaji kujulishwa. Boriti za Rufiji na Lamu zilisafiri kwa majahazi karne nyingi kuja kuezekea nyumba za Bara Arabu. Na mkoko wa Qurum, ukiutazama kwa makini, ni mchu, ule ule tuliouacha kwenye fukwe za Unguja na Pemba. Wataalamu wa mimea wanauita Avicennia marina. Hilo jina la kwanza lilitolewa na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden wa karne ya 18, kwa heshima ya Ibn Sina, ambaye Wazungu walimwita Avicenna.

Tumeanza na mti huu kwa kuwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa tabibu, na katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb aliuzungumzia ugonjwa ambao leo ni shida kupata nyumba ya Mswahili Maskati isiyoujua: kisukari. Alitaja hata utamu wa mkojo wa mwenye maradhi hayo. Kwa hiyo wazee wetu wanaotembea jioni kandokando ya mikoko ya Qurum, kwa amri ya daktari ili sukari ishuke, wanapita chini ya miti yenye jina la mtu aliyewaeleza maradhi yao miaka elfu moja iliyopita.

Lakini makala haya hatukuyaandika kwa sababu ya mti. Tumeyaandika kwa sababu ya kidole cha bimkubwa wetu.

Idi pili

Ilikuwa Idi pili, nyumbani Qurum, na watu wamejaa. Bimkubwa amepita miaka sabini na anajipiga sindano ya insulini mwaka wa kumi na tano huu. Alikuwa amekaa na wageni, kahawa inazunguka, na sahani ya halua mbele yao. Bimkubwa hakula halua. Aliikata tu na kuwagawia wengine kwa mkono wake, kama alivyozoea. Kiasi cha nusu saa baadaye mjukuu mmoja, kijana msomi na mwenye mapenzi makubwa kwa bibi yake, akaleta mashine ya sukari. Akamtoboa kidole, akabana, akatia tone kwenye kijiti. Mashine ikaandika 19.4.

Nyumba nzima ikashtuka. Huyu alisema apelekwe hospitali, yule alisema si lazima, tunayo insulini hapa hapa. Tukamwongeza insulini. Hatukumpigia daktari simu, wala hakuna aliyesema tupime tena. Baada ya saa mbili bimkubwa alikuwa anatoka jasho baridi, maneno yanamkwama, na mwanawe aliyekaa karibu naye akamwita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Bahati nzuri alikuwa bado anaweza kumeza. Tulimnywesha maji ya sukari, kisha tukakimbia naye hospitali. Daktari wa zamu, alipokwisha kumtengenezea mambo yake, alituuliza swali moja tu: kabla ya kumpima, alinawa mikono?

Hakunawa. Ile 19.4 ilikuwa sukari ya halua iliyoganda kwenye ncha ya kidole, na sisi tukaitibu kana kwamba ipo kwenye damu. Bimkubwa alipona, alhamdulillahi, na siku ya tatu alirudi nyumbani. Sisi tulibaki na aibu, na pia na hamu ya kujua: imekuwaje kipimo kilichokuwa cha daktari kikaingia kwenye droo ya jikoni, na njiani kimeacha nini? Tulipoanza kusoma tukagundua kwamba kosa letu lina ukoo mrefu.

Masharti ya Ibn Sina

Kwa karne nyingi kipimo kikubwa cha maradhi kilikuwa mkojo. Ibn Sina aliandika mlango mrefu juu yake, na linalovutia zaidi ni masharti aliyoyatanguliza. Mkojo uwe wa kwanza wa asubuhi. Mgonjwa awe hajala wala kunywa. Awe hakula kitu chenye rangi, kama zafarani, kitakachougeuza. Chupa iwe safi na inayoonyesha ndani. Mkojo utazamwe mapema, usiachwe ukakaa, na usiwekwe juani wala upeponi. Kwa maneno mengine, kabla hujauliza mkojo unasema nini, hakikisha hukuuharibu wewe mwenyewe.

Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kikasomeshwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Huko chupa ya mkojo ikawa alama ya tabibu, na baadaye ikawa chombo cha walaghai. Walizuka watu waliopelekewa chupa tu, mgonjwa hawamjui wala hawajamwona, nao wakatoa hukumu ya maradhi yote. Katika karne ya 17 madaktari wa Uingereza walikuwa wakiwapigia kelele watu hao. Hoja yao ingali na nguvu: chupa haiwezi kusema peke yake bila ya mwenye mkojo kuulizwa anajisikiaje, anakula nini, anatumia dawa gani.

Wazee wetu visiwani nao walikuwa na kipimo chao. Walisema mkojo wa mwenye sukari huujua kwa sisimizi. Mahali alipokojoa, sisimizi hukusanyika. Na hilo si hadithi tupu, kwani matabibu wa Bara Hindi waliliandika tangu zama za kale. Mwaka 1776 Matthew Dobson, daktari wa Liverpool, alichemsha mkojo wa mgonjwa wake mpaka ukakauka, akabakiwa na kitu cheupe chenye ladha ya sukari. Aligundua pia kwamba damu ya mgonjwa huyo ina utamu. Hapo ikajulikana kuwa maradhi haya hayako kwenye figo peke yake, yamo katika mwili mzima.

Jiko, mrija na kidonge kinachounguza

Kilicholeta kipimo nyumbani ni insulini. Kabla ya mwaka 1922, ilipotumiwa kwa mgonjwa wa kwanza mjini Toronto, kujua kiasi cha sukari hakukumsaidia mgonjwa sana, kwani dawa haikuwapo. Insulini ilipopatikana ikawa lazima kujua. Ukipiga ndogo sukari inapanda, ukipiga kubwa inashuka na kukuua. Elliott Joslin wa Boston, aliyekuwa daktari mkubwa wa kisukari Marekani, alishikilia kwamba mgonjwa asomeshwe maradhi yake na apime mkojo wake mwenyewe. Kipimo cha wakati huo kilikuwa cha Stanley Benedict: dawa ya buluu yenye shaba ndani yake, matone manane ya mkojo, kisha kuchemsha. Ikibaki buluu hakuna sukari. Ikiwa kijani ipo kidogo, njano imezidi, na rangi ya tofali ni hatari. Watu walichemsha mikojo yao jikoni, kwenye jiko lile lile la chai.

Mwaka 1941 kampuni ya Ames ya Marekani ikatoa kidonge kilichoitwa Clinitest. Hiki hakikuhitaji jiko. Unatia kwenye mrija matone matano ya mkojo na kumi ya maji, unatumbukiza kidonge, na mchanganyiko unachemka wenyewe. Unachemka kwa sababu kidonge kina magadi makali, yale ya kuzibulia mabomba. Bibi yetu mzaa baba alikuwa navyo. Alifika Maskati mwaka 1975 akitokea Mombasa, na ndani ya kisanduku chake, baina ya udi na tasbihi, palikuwa na mrija wa kioo, kitoneshi, na kichupa cha vidonge vyeupe vyenye madoa ya buluu. Sisi watoto tulikatazwa kukigusa kichupa kile kwa ukali ambao hatukuuona kwa kitu kingine chochote nyumbani.

Sababu tuliijua ukubwani. Katika nchi nyingi vidonge vile vilimezwa kwa makosa, na watoto waliodhani ni peremende au na wazee wasioona vizuri waliodhani ni dawa ya kumeza. Vikikutana na mate huunguza. Walionusurika, baadhi yao waliishi na koo lililosinyaa, chakula hakipiti. Hiyo ndiyo hatari ya kwanza katika historia hii: kifaa chenyewe kudhuru, kabla hata hakijatoa jibu.

Hatari ya pili ilikuwa ya ndani zaidi. Sukari ikiwa nyingi mno, rangi kwenye mrija hupanda upesi mpaka ya machungwa, kisha hurudi nyuma ikawa kahawia yenye ukijani. Aliyegeuka kuchukua saa, au kumjibu mtu mlangoni, akirudi hukuta rangi ya sukari ya wastani, naye ndiye aliye katika hali mbaya kuliko wote. Kwa hiyo maelekezo yalitaka usiondoe macho kwenye mrija tangu mwanzo hadi mwisho. Tena kidonge kikiingia unyevu hugeuka buluu iliyoiva na hakifai tena, na sote tunaijua pwani yetu kwa unyevu.

Juu ya hayo, mkojo hauonyeshi sukari mpaka ya damu ipite kiasi cha milimoli 10, na unachoonyesha ni habari ya saa zilizopita. Sukari iliyoshuka hauionyeshi kabisa. Mwaka 1956 vilikuja vijiti vya kuchovya, kazi ya Helen na Alfred Free wa kampuni ile ile, na hatari ya kuungua ikaondoka. Ila kasoro ya mkojo ilibaki pale pale.

Mtu aliyeiba kazi ya daktari

Katikati ya miaka ya 1960 vikatoka vijiti vya kupimia damu, na mwaka 1970 ikatoka mashine ya kuvisoma. Ilikuwa na uzito unaozidi kilo moja, na iliuzwa kwa madaktari na hospitali tu. Richard Bernstein, mhandisi wa New York aliyekuwa na kisukari tangu utotoni, aliona tangazo lake akaitaka. Hakuruhusiwa kuinunua, kwa kuwa si daktari. Mkewe alikuwa daktari, basi ikanunuliwa kwa jina la mke. Akawa anajipima mara tano kwa siku, akabadilisha chakula na dawa kwa kufuata alichokiona, na afya yake ikatengenea. Madaktari walipokataa kumsikiliza aliingia chuo cha udaktari akiwa na umri uliopita arubaini, akawa daktari wa kisukari. Alifariki mwaka 2025, baada ya kuishi na maradhi hayo zaidi ya miaka 75.

Tunaisimulia hadithi hii kwa sababu hatutaki msomaji adhani tunapinga kujipima. Mwaka 1978 madaktari wa Uingereza walichapisha uthibitisho kwamba wagonjwa wa kawaida wanaweza kujipima damu nyumbani. Mwaka 1993 ukatoka utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada wa wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza. Waliojipima mara kwa mara na kuidhibiti sukari yao sawasawa waliokoa macho yao: hatari ya maradhi ya macho ilipungua kwa asilimia 76. Lakini watafiti hao hao waliandika kwamba sukari kushuka vibaya kuliongezeka kiasi cha mara tatu. Faida na hatari vilitoka katika mkono mmoja, na waliojipima walikuwa na timu ya hospitali nyuma yao.

Sukari ilivyotufuata Maskati

Wengi wetu tulitawanyika baada ya Januari 1964: Mombasa, Dar es Salaam, Dubai, Cairo, Uingereza. Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970 na kuwafungulia mlango Waomani walioko nje, tukaja. Hospitali za kisasa wakati ule zilihesabika kwa vidole. Baadhi yetu waliingia kwenye kampuni ya mafuta pale Mina al Fahal, jirani na Qurum, wengine wakaingia wizarani, mashuleni na mahospitalini, na Kiswahili kikawa kinasikika kwenye kaunta za Maskati. Royal Hospital ilifunguliwa mwaka 1987, na mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani liliipanga Oman nafasi ya 8 kati ya nchi 191 kwa utendaji wa mfumo wake wa afya.

Kwa upande mwingine, uchunguzi wa taifa wa mwaka 1991 ulikuta karibu mtu mzima mmoja katika kila kumi ana kisukari, na ule wa mwaka 2000 ukakuta asilimia 11.6. Katika kizazi kimoja tulitoka kwenye kutembea kwa miguu na kula samaki na mhogo, tukaingia kwenye gari, wali, soda na kukaa. Mashine ya sukari ikawa sehemu ya vyombo vya nyumbani kama birika la kahawa. Kila nyumba ikapata mtaalamu wake, aghalabu kijana anayejua kubonyeza vitufe.

Makosa tunayoyarudia

Kosa la kwanza ni lile letu la halua. Mwaka 2011 watafiti wa Japani waliwapa watu wazima wa afya matunda wayamenye, kisha wakawapima vidoleni. Mashine ziliandika sukari za kutisha. Walipokosha mikono kwa maji, hesabu ilirudi ilivyo. Kufuta kidole kwa spiriti hakukutosha. Nyumba yenye tende mezani asubuhi na jioni ijue hilo.

La pili ni joto na unyevu. Vijiti aghalabu vinatakiwa visipite nyuzi 30, na tunajua ndani ya gari lililoegeshwa Qurum mwezi wa Juni kunakuwaje. Kimbunga Gonu kilipopiga Juni 2007, maji ya wadi yakalifunika eneo la maduka ya Qurum na umeme ukakatika, watu walirudi majumbani wakakuta insulini imepata moto na vichupa vya vijiti vimeloa. Wapo waliovianika vijiti juani na kuvitumia. Kijiti kilicholowa hakikwambii kwamba kimeharibika. Kinatoa hesabu, nawe unaiamini.

La tatu linatuhusu sisi hasa wenye ndugu kila bara. Mashine ya Uingereza au Kenya hupima kwa milimoli kwa lita, ya Marekani hupima kwa miligramu kwa desilita, na baina yao ni mara 18. Saba ya London ni 126 ya Chicago. Mtoto aliyeko Marekani anamletea mama yake mashine kwa mapenzi, mama anapiga simu kusema "leo sukari mia moja na kumi," na shangazi aliyezoea kipimo kingine anataka kuita ambulensi. Huo ni upande wa kuchekesha. Upande wa kutisha ni mtu kupanga insulini kwa hesabu ya kipimo kisicho chake. Mwaka 2005 yalitolewa maonyo kwamba mashine za aina fulani ziliweza kubadilika kipimo zikianguka au wakati wa kutengeneza saa yake.

La nne ni kuazimana. Siku za sikukuu mashine moja huzunguka baraza nzima, "hebu na mimi nipime." Sindano ikibadilishwa lakini kalamu ya kutobolea ikawa ile ile, damu ya mmoja huweza kumfikia mwingine. Marekani imeandikwa milipuko ya homa ya ini aina ya B katika nyumba za kulelea wazee, chanzo chake kuchangia vifaa vya kupimia sukari. Maradhi hayo hayaonyeshi dalili upesi, na anayeyabeba huenda hajijui.

La tano ni la damu zetu wenyewe. Siku hizi kipimo cha miezi mitatu nacho kinauzwa cha kujipimia nyumbani. Lakini Oman, kama pwani ya Afrika Mashariki, ina watu wengi wenye vinasaba vya selimundu, au sikoseli kama wengi wetu tunavyoita, na wengi wenye upungufu wa G6PD, wale wanaoambiwa wajihadhari na bakuli la ful. Chembe zao za damu zinaweza kuishi muda mfupi zaidi, na kipimo cha miezi mitatu kikawasomea chini kuliko hali yao ilivyo. Mtu anafurahi amepona, kumbe kipimo hakikumfaa tangu mwanzo. Mwenye damu ya namna hii amwambie daktari wake kabla hajaamini karatasi yoyote. Hali kadhalika kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni, tulichokinunua sote wakati wa korona. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe.

La sita ni kwa wenye kusafishwa damu kwa njia ya tumbo. Baadhi ya maji yanayotumika huko huacha mwilini sukari ya aina nyingine, na mashine za aina fulani ziliihesabu kama sukari ya damu. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza vifo 13 vilivyohusishwa na kosa hilo. Walikufa vile vile alivyotaka kufa bimkubwa wetu: hesabu iko juu, insulini ikaongezwa.

Na la saba ni saa na pete zinazouzwa mitandaoni kwa madai ya kupima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka hiyo hiyo ilionya kwamba haikuwa imeidhinisha hata moja ya namna hiyo. Tumeziona mikononi mwa wazee wetu, zawadi za watoto wao.

Kuna pia dhara lisilo la mwili. Mwaka 2008 Ireland ya Kaskazini walitangaza utafiti wa watu 184 waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili. Waliotakiwa kujipima na wasiotakiwa walimaliza mwaka sukari zao hazikupishana, ila waliojipima walikuwa na huzuni zaidi kidogo. Asiyetumia insulini wala dawa inayoshusha sukari kwa nguvu, na hajui afanye nini na hesabu anayoipata, huenda anajitoboa ili apate wasiwasi. Amuulize daktari: nipime lini, na nikiona nini nifanye nini? Kama swali la pili halina jibu, la kwanza halina haja.

Ramadhani

Hapa pana kosa la upande wa pili, la kutojipima. Wapo wazee wanaoamini kwamba kutoa tone la damu kidoleni kunafunguza, basi mchana kutwa hawajui sukari yao iko wapi. Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, kwa wagonjwa zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba katika Ramadhani sukari kushuka vibaya kuliongezeka mara 4.7 kwa wenye aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani, iliyoandikwa na madaktari pamoja na rai za wanazuoni, inasema wazi kwamba kujitoboa kidole hakubatilishi saumu, na kwamba sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 au ikipita 16.6 mtu afungue. Mwenye shaka amuulize shehe wake na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, asingoje Magharibi ya siku atakayoanguka.

Walivyofanya wengine

Nyumbani Afrika Mashariki kujipima kumechukua sura nyingine. Kenya ilizindua vipimo vya kujipimia virusi vya UKIMWI mwaka 2017, na Bunge la Tanzania likabadilisha sheria mwaka 2019 ili kuviruhusu. Tunavitaja kwa sababu vilikuja na adabu yake. Kipimo kikisema virusi vipo, hilo si jibu la mwisho, mtu aende kituoni apimwe tena. Kikisema havipo, bado kuna miezi mitatu ya mwanzo ambayo huenda kisione kitu. Na aliyekwisha kuanza dawa asijipime kwacho, maana kinaweza kumdanganya kwamba hana. Mashine zetu za sukari ziliingia majumbani bila ya adabu hiyo. Zilikuja na kijitabu cha lugha nane, na Kiswahili hakikuwamo.

Kwa hiyo nyumbani Qurum tumejiandikia kijitabu chetu, ukurasa mmoja, tumeubandika kwenye mlango wa friji. Nawa kwa maji na sabuni, kausha. Tazama tarehe ya vijiti. Kila mtu na kalamu yake, na sindano iliyotumika iingie kwenye chupa ngumu, isitupwe ovyo. Hesabu isiyofanana na hali ya mtu, pima tena kabla ya kufanya lolote. Insulini haiongezwi kwa kura ya baraza, hupigiwa simu daktari. Mtu akitetemeka, akitoka jasho au akipotewa na maneno, mpe kitu cha sukari kama anameza. Kama hamezi, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Andika kila kipimo na saa yake, na daftari liende kwa daktari pamoja na mgonjwa.

Tulipomaliza kuuandika tuliusoma tena, tukaona kwamba nusu yake Ibn Sina alikwisha kuisema: chombo kisafi, wakati maalumu, na kisichoharibiwa na jua wala chakula.

Bimkubwa bado anagawa halua kwa mkono wake, hilo hatukuweza kulizuia. Ila siku hizi mjukuu akija na mashine, yeye huinuka kwanza, taratibu, akaenda kwenye bomba. Akirudi anamtazama yule kijana kabla hajatoa kidole, na kumuuliza, "Na wewe je, umenawa?"